Mi Chini ya Mstari

Watu wa mbali wakisikia jina la Buluo hukumbuka gereza. Sisi wa hapa Likasi, ukitutajia Buluo Jumamosi jioni, tunafikiria mazoezi ya korali. Viti vya plastiki vimeshapangwa nusu duara, soprano kushoto, besi nyuma, maestro amesimama kando ya kinanda akingoja wachelewaji. Pembeni, kabla hatujaitwa, utawaona vijana wachache wamegeukia ukuta, kila mmoja na simu yake karibu na kidevu, wanatoa sauti moja ndefu huku wakikikodolea macho kioo. Mgeni angedhani wanajirekodi ili warushe video. Wanajifunza kuimba, na kwa miaka miwili hii nimewasikia wakibadilika hadi nimeona niwaandikie sifa zao.

Programu wanayoipenda ni nyepesi, inaitwa Vocal Pitch Monitor. Kwenye kioo kuna mistari iliyotulia, kila mstari na noti yake, na ukiimba unaona mstari wako mwenyewe ukitambaa katikati ya mingine. Ukiwa kwenye noti, wako unalala juu ya wake. Ukishuka, unauona unashuka. Haikupigii makofi, na haikulii mega za mtandao. Zipo nyingine zenye mafunzo kamili, kama Yousician ya kule Finland, inayokupa wimbo, ikakusikiliza na kukupa alama, lakini hiyo inataka mtandao na malipo, na wengi wetu tunaishia kuionja tu.

Siku ya kwanza huwa chungu. Sauti yako unaijua kwa njia mbili, hewani kupitia sikio, na ndani kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa hupitisha vizuri zaidi milio mizito. Kwa hiyo kila mtu amezoea kujisikia mzito na mpana kuliko anavyosikika kwa jirani. Simu inakurudishia ya hewani peke yake. Nimemwona kijana wa tenori akiisikiliza mara tatu, akiamini kwamba kuna mtu mwingine aliyeimba.

Mji huu ulikutana mapema na mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1952, ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipita hapa na vyombo vyake akamrekodi kijana mpiga gitaa, Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya. Wapiga gitaa wa dunia nzima bado wanaumiza vidole juu ya “Masanga” yake. Mimi huzisikiliza zaidi nyimbo alizoimba kwa Kiswahili, kwa ile sauti isiyosukumwa, kama ya mtu anayekusimulia jambo mkiwa mmekaa benchi moja. Gari la Tracey lilikuja, likachukua sauti, likaenda zake. Hii ya mfukoni inakaa nawe usiku kucha na kukurudishia sauti yako mara mia ukitaka.

Inavyofanya kazi ni jambo zuri lenyewe. Mashine hulinakili wimbi la sauti yako, kisha huisogeza nakala hiyo kidogo kidogo kando ya wimbi la asili mpaka viwili hivyo vilaliane tena. Umbali iliosogeza ndio urefu wa mtetemo mmoja, na kutoka hapo inajua umeimba La yenye mitetemo 440 kwa sekunde au umepungukiwa. Hesabu za ukoo huo zilimfaa mhandisi wa Marekani, Andy Hildebrand, aliyefanya kazi ya kutafuta mafuta: yeye na wenzake walipeleka mishindo ardhini, wakasikiliza mwangwi wake, wakajua tabaka gani lina nini. Baadaye akaugeuzia ujuzi huo koo la binadamu, na mwaka 1997 akatoa Auto-Tune, ile inayonyoosha sauti zilizopinda. Kwetu, ambako mji wenyewe ulijengwa juu ya shaba, naona hiyo ni habari ya nyumbani: mtu aliyezoea kusikiliza kilicho chini ya udongo akaelekeza sikio kifuani mwa mwimbaji. Ila vijana ninaowasifu hawaombi kunyooshewa. Wanaomba kuonyeshwa palipopinda, wapanyooshe wenyewe.

Na kunyoosha ni kazi. Huanza na pumzi, siyo koo. Mkono unawekwa chini ya mbavu, hewa inaingia hadi ubavu unapanuka, kisha inatolewa kwa herufi “s”, polepole, bila kupwaya. Halafu midomo inatetemeshwa kama mtoto anayeendesha gari la bati, sauti ikipanda na kushuka kwa mtelezo. Halafu mrija. Zoezi la mrija limetetewa sana na mtaalamu wa sauti Ingo Titze, na ni rahisi: unaimba ukiwa umeubana mrija wa soda midomoni, ncha nyingine ndani ya glasi ya maji. Ule msukumo unaorudi nyuma huzisaidia nyuzi za sauti kukutana kwa upole badala ya kugongana. Mwezi wa saba, asubuhi zetu zikiwa na baridi na vumbi la kiangazi limekaa kooni, nimeona mrija na maji vikimfungua mtu ambaye hata salamu ilikuwa inamkwama.

Mzee mmoja wa besi huniuliza kwa nini wasijifunze kwa sikio tu kama zamani. Ana hoja, na ushahidi wake hauko mbali. Pale Kamina, humuhumu Katanga ya zamani, padri Mfransisko Guido Haazen alikusanya wavulana 45 hivi na walimu wao wakawa Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Missa Luba, wakaipeleka hadi Ulaya, na sehemu kubwa ya misa ile ilizaliwa midomoni mwa waimbaji, bila karatasi. Lakini wale walikuwa shuleni, wenzao na mwalimu wao wako karibu siku zote. Sisi tunaye maestro jioni mbili kwa juma. Katikati kuna siku ndefu za kazi, na kosa lililoimbwa siku nne mfululizo bila mtu wa kulisikia linaota mizizi. Kwenye siku hizo nne ndipo simu inapopata heshima yangu.

Kuna binti mmoja wa alto ambaye alianza akiyumba kiasi kwamba waliokaa naye waliziba sikio moja. Hakuwa na kiburi wala aibu. Kila usiku alichukua noti moja tu, akaishika mpaka mstari wake ukaacha kutetemeka, ndipo akaenda kwenye nyingine. Ilimchukua mvua zote za mwaka jana. Leo ukipotea, unamsikiliza yeye.

Basi Jumamosi moja umeme ulikatika tukiwa katikati ya wimbo. Kinanda kikanyamaza. Maestro hakuushusha mkono, nasi tukaendelea kwa sauti tupu hadi mwisho, Do, Mi, Sol, alto wakiwa wameshika Mi. Binti akaniletea simu.

“Papa, inasema niko chini. Nyumbani siko chini.”

Nikatazama. Kweli, mstari ulikuwa umenyooka vizuri, lakini chini kidogo ya noti. Nikamwambia, “Panda kidogo, mama.” Tukarudia, naye akapanda, na wenzake wakamfuata kama kawaida yao. Mwisho wa wimbo ukawa na kitu kinachowasha, kama punje ya mchanga ndani ya bukari, ugali wetu. Maestro akafunga ngumi kutunyamazisha.

“Alto, rudini mlipokuwa.”

Nilikuwa nimempotosha, na sababu yake nimeichunguza tangu siku hiyo. Kinanda kimeigawa oktavu katika nusu-toni 12 zinazolingana, kila moja senti 100, ili kiweze kupiga kwa ufunguo wowote. Kutoka Do hadi Mi kinahesabu senti 400, na simu imefundishwa hesabu hiyohiyo. Lakini sauti za watu zikiachwa peke yake hutafuta mahali pengine: Do ikitetema mara 4, Mi hupenda kutetema mara 5 kamili, na hapo ni senti 386. Kumi na nne pungufu. Kinanda kikiwepo, unakifuata. Kikinyamaza, sikio lililofunzwa linazijua hizo kumi na nne na kuziachia. Kushuka kwa uchovu ni kitu kingine kabisa: huko korali nzima inateleza, na mstari unachechemea. Huu wa binti ulikuwa umesimama imara.

Tukaimba mara ya tatu, gizani, mwanga wa simu yake peke yake ukimulika kidevu chake. Besi wakatua. Soprano wakaiweka Sol. Alto wakarudi walipokuwa, na mara juu ya vichwa vyetu ukasikika mlio mwembamba ambao hakuna aliyeuimba, ule unaokuja sauti zikikubaliana. Mzee wa besi alifumba macho. Binti aliutazama mstari wake, chini kidogo ya noti, umenyooka kama uzi. Hakuupandisha.