Kioo Kinachotulia

Pikapu ya miaka mingi ikifika Ushirombo hupewa kazi ambayo walioiunda hawakuifikiria. Inabeba viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimo la machimbo, kwenda karasha ya kusagia mawe, inabeba mbao, magunia ya mpunga, pampu za kuvutia maji mashimoni, na juu ya mzigo wanakaa vijana na sururu zao. Saiti mira ilizokuja nazo ni ndogo na zimebana mlangoni. Mzigo ukishatanuka kupita bodi, dereva akitupa jicho kiooni anaona gunia tu.

Nyuma ya gunia hilo kuna barabara ya Isaka hadi Lusahunga, inayopitisha katikati ya mji malori ya Rwanda na Burundi. Semi inakuja upande wa kulia, inataka kupita. Kushoto bodaboda inajipenyeza, na kando yake kuna baiskeli, mama mwenye ndoo kichwani, ndama aliyeachwa na wenzake. Dereva asiyeviona hivyo vyote anaendesha kwa kubahatisha. Ndiyo maana kazi ya kubadilisha saiti mira naiheshimu kuliko kazi nyingi za gereji zinazosifiwa. Injini ikifufuka watu hushangilia. Kioo kikifungwa sawasawa, hata mwenye gari hasemi kitu.

Vioo vyenyewe hununuliwa vikiwa vimetumika, vile vya malori madogo kama Canter, virefu kwenda chini na vyenye mkono wa bomba. Kununua ni rahisi. Nilimtazama fundi mmoja mtu mzima akivifunga kwenye Hilux, na kitu cha kwanza alichoshika hakikuwa drili. Alimpandisha dereva kwenye kiti.

"Kaa unavyokaaga safarini, mzee."

Mzee akakaa wima kama anayepigwa picha.

"Hapana, usijinyooshe. Ukishachoka unakaaje?"

Hapo mzee akalegea, mgongo ukashuka, bega likaegemea mlango. Macho yake yalikuwa yameteremka labda upana wa vidole vitatu, na ndipo fundi akachora chaki mlangoni. Kioo kitamhudumia mzee huyu saa kumi jioni akitoka machimboni na vumbi usoni, kwa hiyo kimepimwa kwa macho ya saa hiyo. Sijaona kipimo cha busara zaidi ya hicho katika kazi yoyote ya gari.

Kisha mlango ukafunguliwa kwa ndani, na huko ndiko kwenye ufundi wenyewe. Bati la mlango wa pikapu halifiki unene wa milimita moja. Ukilitoboa na kufunga mkono mzito juu yake, gari likianza kurukaruka bati litanepa, tundu litatanuka, na baada ya muda litachanika. Fundi akakata kipande cha chuma cha milimita tatu, akakilalisha nyuma ya bati ili bolti zibane chuma kwa chuma, na bati libaki katikati bila kubeba mzigo peke yake. Kwa nje akaweka mpira aliokata kwenye tyubu kuukuu ya tairi. Kabla ya kukaza alizungusha mkono wa dirisha, akakishusha kioo cha mlango mpaka chini, akakipandisha, akakishusha tena huku sikio lake likiwa karibu na bati. Bolti moja ilikuwa ndefu kidogo na ilikuwa ikikikwaruza. Akaichomoa, akaikata kwa msumeno, akaipiga tupa. Kila tundu alilipaka redioksaidi ukingoni kabla ya kupitisha bolti, maana kutu huanzia pale rangi ilipokatwa. Kazi yote hiyo ikafunikwa na ubao wa mlango. Hakuna atakayeiona.

Kuhusu urefu wa mkono, wenye magari wengi hutaka mrefu kwa sababu unapendeza. Fundi huyu aliupunguza. Alimuuliza mzee mzigo wake mpana kabisa unatokeza kiasi gani nje ya bodi, akaongeza kidogo, basi. Mkono mrefu unatetemeka zaidi, na mtetemo wa kioo una adhabu yake: kioo kikiyumba kwa nyuzi moja, mwanga unaorudi huyumba kwa nyuzi mbili. Kwa semi iliyo mita 30 nyuma, nyuzi mbili ni kama mita nzima. Dereva anaona lori likicheza na hajui liko wapi. Kwa hiyo fundi akaongeza mguu wa tatu kutoka chini ya mkono hadi mlangoni, ili umbo la pembetatu likatae kuyumba.

Kulia alifunga kioo bapa, kushoto kioo mbinuko. Mbinuko huonyesha eneo pana, lakini hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Upande wa kulia ndiko wanakopitia wanaokupita, na huko dereva anahitaji kujua umbali kamili. Marekani, ambako usukani uko kushoto, sheria inataka kioo cha upande wa dereva kiwe bapa. Wajapani nao walikuwa na njia yao: mpaka 1983 magari ya soko lao yalitakiwa kuwa na vioo juu ya madigadi, mbele kabisa, ambako dereva anavitazama bila kugeuza shingo. Ukikuta gari la zamani lina matundu yaliyozibwa karibu na taa za mbele, huenda ndiyo hayo.

Jaribio lilikuwa la miguu. Kanuni namba 46 ya Umoja wa Mataifa inataka kioo kikuu cha nje cha gari dogo kionyeshe barabara yenye upana wa mita 4 kuanzia mita 20 nyuma ya macho ya dereva. Fundi alimtuma kijana wake arudi nyuma kwa hatua, kisha asogee pembeni, huku mzee akipaza sauti kutoka kwenye kiti: "Namwona! Namwona! Hapo kapotea." Kijana akaweka jiwe pale alipopotea. Kioo kikasogezwa kidogo tu, akatembea tena, na jiwe la pili likaenda mbali zaidi. Halafu injini ikawashwa, na fundi akasoma kiooni maandishi ya duka lililo nyuma, yakiwa yamegeuka, akiangalia kama kingo za herufi zinatikisika. Zilitikisika. Akakaza mguu wa tatu, akasoma tena.

Mwisho alipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe ulioanzia kwenye nati na kuingia kwenye chuma. Mpira wa tyubu utajibana kwa siku za mwanzo na nati zitalegea, alimweleza mzee, hasa kwenye barabara ya vumbi ya kwenda machimboni. Mstari ukiachana, nati imezunguka, na hapo itoshe kuikaza kwa spana namba 12 kabla ya kuwasha gari.