Mtunzi Hana Nafasi: Taarabu, CD na Kicheza Muziki cha Mfukoni

Ukitaka kujua kifaa kinamheshimu nani, angalia kinaandika jina la nani. Kitabu huandika jina la mwandishi mgongoni. Bango la sinema huandika jina la nyota. Kicheza muziki cha mfukoni huandika jina la mwimbaji, na basi. Kwa muziki mwingi hapo hapaharibiki kitu. Lakini kwa taarabu panaharibika sana, maana taarabu ni ushairi ulioingizwa kwenye ala, na mara nyingi anayeimba siye aliyetunga.

Chukua mfano wa Mombasa. Sauti ya Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, inajulikana pwani nzima. Mashairi mengi aliyoyaimba yalitoka kwenye kalamu ya jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule wa diwani ya *Malenga wa Mvita* ya mwaka 1971. Sasa fikiria mwanafunzi wa fasihi. Asubuhi anahakiki beti za Ahmad Nassir: vina, mizani, mafumbo, kila kitu. Jioni anavaa hedifoni, anasikiliza beti nyingine za mtu huyo huyo, wala hana habari. Kwake huo ni "wimbo wa Bhalo". Mshairi mmoja amekatwa vipande viwili: nusu iko maktaba, nusu iko mfukoni, na hazijuani.

Nani kamkata? Tuanze na faili lenyewe. Muziki wa MP3 hubeba kitambulisho kiitwacho ID3, na toleo lake la kwanza, la mwaka 1996, lilikuwa na nafasi ya baiti 128 tu. Herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Hesabu mwenyewe: mtunzi hayumo. Jina la wimbo likizidi herufi 30, linakatwa kama mkia wa mjusi. Na ile orodha ya aina za muziki ilikuwa na aina 80. Polka imo. Taarabu haimo, bwana! Toleo la pili, la mwaka 1998, liliongeza mahali pa mtunzi wa muziki na mahali pa mtunzi wa maneno. Nafasi ikapatikana, lakini tabia ilikuwa imeshaota mizizi: watu huandika msanii na wimbo, kisha wanaendelea na safari.

Tusijidanganye lakini kwamba diski ilikuwa pepo. Kaseti nyingi zilizouzwa vibandani zilikuwa na jina la mwimbaji, picha yake na namba ya toleo. Ile CD ya kunakiliwa, yenye nyimbo mia na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito, haikumjua mtunzi hata kidogo. Na diski hazidumu milele. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani, mikwaruzo na ukungu vinafanya kazi yao taratibu, huku kompyuta mpya nyingi zikija bila mahali pa kuziingiza. Kwa hiyo kuziacha ni busara, sibishi.

Ila zipo CD zilizotengenezwa na watu waliojua wanachokibeba. Mfululizo wa *Zanzibara*, ulioanza mwaka 2005 chini ya lebo ya Buda Musique ya Ufaransa kwa kuadhimisha miaka mia ya Ikhwani Safaa, ni mmojawapo. Diski za namna hiyo huja na kijitabu, na kijitabu kwetu wahakiki ni utangulizi wa diwani: kundi gani, mji gani, miaka gani, nani kafanya nini. Ukihamisha nyimbo kwenye kadi ya memori na kukigawa kijitabu, umechukua nyama ya nazi ukamwaga tui.

Kuna na jambo la mpangilio. Vicheza muziki hivi vinapenda kuchanganya nyimbo. Unabonyeza, kinakuchagulia. Sawa, ila mipasho ni majibizano. Miaka ya 1990 Muungano na TOT walirushiana maneno jukwaani, Nasma Khamis huku, Khadija Kopa kule, na mashabiki walijua upi umetangulia na upi ni jibu. Kijembe bila aliyechomwa ni ufundi unaoning'inia hewani. Wimbo wa jibu ukitangulia swali, au ukija baada ya nyimbo arobaini, maana imepotea hata kama sauti ni safi kama kioo. Na ule mwaka wa herufi nne? Mara nyingi hujazwa mwaka wa kutolewa upya, hivyo wimbo wa zamani unageuka wa juzi.

Basi tuchague vipi? Matangazo yatakwambia uangalie uwezo wa kubeba na ubora wa sauti. Hayo si makubwa tena. iPod ya kwanza, Oktoba 2001, ilikuwa na gigabaiti 5 na ikasifiwa kwa kubeba nyimbo elfu moja. Leo kadi ndogo ya gigabaiti 64 inabeba CD mia na zaidi katika fomati ya FLAC, ambayo hubana bila kutupa chochote cha sauti. Mimi ningeuliza maswali ya msomaji. Je, kifaa kinaonyesha jina refu lote, au kinalikata? Je, kina orodha ya watunzi, kama iPod za baadaye zilivyokuwa nayo? Je, kinacheza albamu kwa mpangilio wake? Kina mahali pa kadi, ili siku kikifa nyimbo zisizikwe nacho? Chenye majibu manne ya ndiyo kinatosha, hata kama si cha bei ya kutisha. FLAC ina faida nyingine: inakuruhusu kuongeza kichwa chochote kwenye maelezo ya faili. Hata MTUNZI, kwa Kiswahili. Kifaa kinaweza kukataa kukionyesha, kwa hiyo jaza na sehemu ya kawaida ya mtunzi, lakini faili litakuwa limeshahifadhi ushahidi.

Washairi wetu wa tenzi walilijua hili zamani. Walizoea kutaja majina yao na tarehe katika beti za mwisho, ndani ya shairi lenyewe, wasitegemee jalada la mtu. Mshairi wa taarabu amelikabidhi jina lake kwa wengine: kwa mwimbaji, kwa mtangazaji, kwa mchapishaji wa kava. Sasa limefika kwetu, tunaohamisha nyimbo usiku mbele ya kompyuta huku tukiona uvivu wa kuandika.

Kwa hiyo kabla hujaigawa CD, kipige picha kijitabu chake, kila ukurasa, na uzihifadhi picha pamoja na nyimbo. Halafu jaza ile sehemu tupu. Usipomjua mtunzi, waulize wazee wa vikundi ambao bado wapo. Bila hivyo tutabaki na maelfu ya beti mifukoni, zote safi, zote za "msanii asiyejulikana", na wahakiki wa kesho watazisoma kana kwamba zilijitunga.