Uzi Mtupu Tumboni mwa St. Martin

Tarehe 1 Agosti 1825, saa sita mchana, William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani, alifunga vipande vya nyama ya ng'ombe, mafuta ya nguruwe, mkate mkavu na kabichi kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza moja kwa moja ndani ya tumbo la Alexis St. Martin. Havikupita kinywani. St. Martin, Mkanada aliyefanya kazi kwenye biashara ya ngozi, alikuwa amepigwa risasi kwa bahati mbaya katika kisiwa cha Mackinac mwezi Juni 1822. Alipona, ila ukuta wa tumbo ulishikana na nyama ya ubavu wa kushoto, na tundu halikuziba.

Kila baada ya saa moja Beaumont aliuvuta uzi na kutazama. Saa saba, kabichi na mkate vilikuwa vimeliwa nusu. Saa nane havikuwepo tena, wala mafuta ya nguruwe, wala nyama iliyochemshwa. Nyama mbichi ilikuwa karibu vilevile. Jaribio likakatishwa, kwa kuwa St. Martin alilalamika kuumwa tumbo na kichwa. Dawa yake nayo ilipitishiwa tunduni. Ndivyo alivyoishi kibarua huyu: mwajiriwa, mgonjwa na chombo cha maabara kwa wakati mmoja.

Jaribio la siku chache baadaye ndilo lenye utamu. Baada ya St. Martin kukaa na njaa saa 17, Beaumont alichota maji ya tumbo kama mililita 30, akayatia kwenye chupa pamoja na kipande cha nyama iliyochemshwa, akaiweka chupa katika joto la nyuzi 38 hivi, joto la tumbo lenyewe. Kipande kingine cha ukubwa uleule kikaning'inizwa tumboni. Mwanzoni vyote viwili vililainika sawasawa. Kisha cha tumboni kikatoweka katika saa mbili hivi; cha chupani kilichukua saa kumi.

Beaumont alishikilia, na kwa haki, kwamba maji hayo yanayeyusha nyama hata nje ya mwili. Lakini uzi na chupa havikupima kitu kimoja. Ndani ya chupa, nyuzi za nyama zikishalegea hazina pa kwenda: zinabaki zikielea hadi ziyeyuke zote, tena katika maji yaleyale yasiyoongezwa. Tumboni, kilicholegea kinadondoka na kusombwa. Uzi mtupu unatuambia nyama imeondoka. Hausemi imekuwa maji.

Inaondoka kwenda wapi? Tundu la St. Martin lilikuwa juu, upande wa kushoto, karibu na umio unapoingia. Sehemu hiyo hutanuka kupokea mlo na kuuhifadhi, haisagi sana. Kazi ya kusaga iko chini, ambako misuli ni minene zaidi. Mawimbi kama matatu kwa dakika husukuma chakula kuelekea mlango wa utumbo mdogo, na mlango huo hufunguka kidogo tu: uji hupenya, mapande makubwa hurushwa nyuma yasagwe tena. Mlo mgumu kwa kawaida hupita ukiwa chembe za milimita moja au mbili. Kwa hiyo uzi ulikizuia chakula kufika kwenye kinu chenyewe, na kilichofika ni kile tu kilichokwisha kuchopoka.

Beaumont mwenyewe alikuwa na ushahidi wa kinu hicho mkononi. Kipimajoto alichokiingiza tunduni kilivutwa kwa nguvu kuelekea mlango wa chini, kikaachiwa, kikavutwa tena. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1833, ila sifa zote zikaenda kwa maji ya tumbo. Mawimbi yalisubiri hadi mwishoni mwa karne, mwanafiziolojia Walter Cannon alipowalisha paka chakula kilichochanganywa na bismuthi kule Boston na kuwamulika kwa eksirei. Aliyaona yakipita moja baada ya jingine, na paka akikasirika yalikoma kabisa.