Wimbo hausomwi kwa macho pekee

Jumamosi iliyopita nilihudhuria harusi ya mwana wa jirani. Maharusi walipokuwa wakiingia ukumbini, dijei alicheza ‘Malaika’, toleo lenye mdundo wa dansi. Watu walishangilia. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Jamani, huo ni wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa!

Hebu tuutazame. Katika toleo la Fadhili William la miaka ya 1960, nafsineni anampenda msichana na kutamani kumwoa, lakini hana mali. Uzito wa kisa hiki umebebwa na kiambishi kimoja tu, -nge-, kinachoonyesha kwamba jambo lingefanyika iwapo sharti fulani lingetimia. Sharti lenyewe ni pesa, nazo hazipo. Tazama pia anavyomwita mpenzi wake: malaika, kisha kidege. Wote wawili wana mabawa. Asiye na kitu atawafikiaje?

Sasa sikiliza muziki. Gitaa linakwenda polepole na sauti ya mwimbaji ni nyororo, haina papara wala kelele. Kila ubeti unarudi palepale: angeoa, ila hana uwezo. Mwendo huo wa taratibu ndio unaotufanya tuisikie -nge- na kuielewa. Miriam Makeba aliudumisha utaratibu huo katika albamu aliyotoa pamoja na Harry Belafonte mwaka wa 1965. Kundi la Boney M. lilipourekodi mwaka wa 1981, liliutia mpigo wa dansi. Kisa ni kilekile, lakini ngoma inaimeza -nge-, na anayesikia anabaki na neno malaika na hamu ya kucheza.

Je, wageni wa harusini walikosea? La hasha. Walisikia vyema: muziki uliwaambia ni sherehe, wakasherehekea. Nadhani wenye kulaumiwa ni sisi tunaofundisha. Kwa miaka mingi nimewapa wanafunzi wangu nyimbo zilizochapwa kwenye karatasi, nikawataka wataje takriri, tashbihi na sitiari. Mtihani wa KCSE nao huuliza maswali ya nyimbo kwa mtindo uo huo. Lakini takriri karatasini ni neno lililorudiwa tu. Ikiimbwa, yaweza kuwa kilio, tisho au kejeli, kutegemea sauti, kasi na ala. Mwanafunzi anayenyimwa sauti anaweza kupata alama zote na asiuelewe wimbo.

Dawa si ghali. Mwalimu aliye na simu anaweza kuucheza wimbo darasani mara mbili kabla ya kugawa maneno yake, kisha aulize: kasi hii inakuambia nini? Ala gani inanyamaza, na wakati gani? Muhula ujao nitaanza hivyo, na nitaanza na ‘Malaika’, matoleo yote mawili.