Picha Ghafi na Kodi ya Kila Mwezi

Aliyezoea kununua kamera hudhani kwamba akishalipa dukani shughuli imekwisha. Kamera ya kisasa ikiwekwa itoe faili ghafi haikupi picha hasa, inakupa hesabu za mwanga, kwa kawaida biti 12 au 14 kwa kila nukta, ambazo hazina sura mpaka programu izitafsiri. JPEG, ambayo kamera imekwisha kuitafsiri yenyewe, ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi; faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Sisi tunaopiga picha za watu weusi waliovaa kanzu nyeupe kwenye jua la saa saba tunaijua tofauti hiyo vizuri. Uso na kanzu havikai pamoja katika ngazi 256.

Kwa hiyo mwenye programu ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha giza, na kuamua kama nihamie toleo jipya kumenichukua muda mrefu kuliko kuinunua kamera yenyewe.

Ninayoitumia ni Lightroom 6. Adobe waliitoa Aprili 2015 kwa dola 149 za Marekani. Unalipa mara moja, basi. Oktoba 2017 walitangaza kwamba halitafuata jingine la kununuliwa namna hiyo, na marekebisho yake ya mwisho, 6.14, yakatoka Desemba. Tangu hapo Lightroom ni ya kupangisha. Mpango wa wapiga picha ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi, na Januari 2025 ukafungwa kwa wateja wapya. Piga hesabu, msomaji: kwa bei hiyo, miezi 15 inakwisha ukiwa umelipa thamani ya kununua, nawe bado ni mpangaji.

Lakini tuseme kweli. Kilichonunuliwa nacho huoza. Ramani iliyokuwa ndani ya toleo la 6 iliacha kufanya kazi mwishoni mwa 2018, kwa kuwa ilitegemea huduma ya Google ambayo ruhusa yake ilikwisha. Kamera zilizotoka baada ya marekebisho yale ya mwisho, kama Nikon Z6, hailitambui faili lake ghafi. Ni lazima kwanza ulipitishe kwenye kigeuzi cha DNG, ambacho nashukuru Adobe wanakitoa bure. Na toleo lenyewe kuna kitu halina kabisa, nacho ndicho kilichonitia majaribuni.

Aprili 2023 toleo la kulipia lilipata uwezo mpya wa kuondoa chembechembe za picha za gizani. Mpwa wangu analipa kila mwezi, basi nikampelekea picha moja ya mwaka 2009: marehemu shangazi yangu usiku wa kuamkia harusi, ameketi karibu na taa ya kandili. Kamera ya wakati ule ilijitahidi, lakini chembe zilijaa kama mchanga. Tulisubiri dakika chache. “Mjomba, hebu tazama kanga,” akaniambia. Nikatazama. Maua ya kanga yalikuwa yamejitokeza, pindo limenyooka, na mashavu ya shangazi yametulia. Ni kazi nzuri. Asiyekiri hivyo anadanganya.

Hata hivyo sikuacha kujiuliza. Uwezo huo umefunzwa kwa picha nyingi za watu wengine, na pale ambapo kamera haikuona kitu, unakadiria. Zile nyuzi za pindo alizifuma mfumaji, au zimebuniwa juzi? Kwa picha ya bidhaa dukani swali hili halina uzito. Kwa mtu ambaye hatakaa tena mbele ya kamera, kwangu lina uzito mkubwa. Chembe za mwaka 2009 angalau zilikuwepo siku ile.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Lightroom haigusi faili ghafi; inaandika maagizo pembeni: ongeza mwanga hapa, punguza pale. Maagizo yangu ya miaka mingi yamo humo. Nimewasikia wanaosema kwamba ukiacha kulipa picha zako zinafungiwa. Hilo si sahihi: unaweza kuendelea kuzifungua na kuzitoa pamoja na marekebisho yake, ila chumba cha kurekebishia ndicho hufungwa. Ni masharti ya haki kuliko yanavyosemwa mitaani. Lakini chumba hicho ndicho nilichokifuata, siyo kabati.

Darktable ni ya bure na ina nguvu, lakini marekebisho yangu hayahamii huko yakabaki yalivyo. Ingekuwa kuanza upya, na kwa umri wangu ningependa kupiga picha zaidi.

Basi nimebaki na la 6. Kompyuta inayoliendesha sitaibadilisha mfumo, maana najua la Apple: tangu Catalina ya 2019 programu za biti 32 hazikubaliwi, na kisakinishi cha toleo hili ni cha aina hiyo. Kila jioni natoa picha hamsini hivi katika TIFF, nikianza na za watu waliokwisha kufa. Ya shangazi ninazo mbili. Kwa binti yake nilipeleka yenye mchanga, nikamwambia nyingine ipo akiitaka.