Mtu wa tatu anapoingia mkutanoni

Usidanganywe na majaribio ya watu wawili. Ukiweka Jitsi Meet kwenye seva yako, nyuma ya faiawoli na proksi ya nginx, wawili wa kwanza wataonana na kusikilizana vizuri. Akiingia wa tatu, picha zinatoweka na sauti zinakatika, ingawa majina bado yako kwenye skrini na ujumbe wa maandishi unapita.

Watu wakiwa wawili, vivinjari vyao hurushiana picha moja kwa moja. Wakifika watatu, kila mmoja hutuma picha yake kwa Jitsi Videobridge, nayo huwagawia wengine. Videobridge husubiri kwenye poti ya UDP 10000, wakati nginx iliyopangwa kwa kurasa za wavuti hupokea TCP 443. Kwa hiyo poti 10000 ifunguliwe kwenye faiawoli na ielekezwe kwenye mashine yenye Videobridge, bila kupitia proksi. Nimeona watu wakihangaika na nginx siku nzima, na nginx haikuwa na kosa.

Poti ikishafunguliwa, kuna anwani. Mashine yenye anwani ya ndani, tuseme 192.168.1.20, ikiwatangazia washiriki anwani hiyo, aliye nje hana njia ya kuifikia. Videobridge inaweza kuiuliza seva ya STUN anwani yake ya nje, lakini faiawoli inayobana mawasiliano yanayotoka hulizuia hata swali hilo. Mimi huandika anwani zote mbili, ya ndani na ya nje, kwenye mipangilio.

Kazi ya nginx ni mazungumzo ya kupanga mkutano, yanayopita kwa WebSocket. Iambie itumie HTTP 1.1 na ipitishe vichwa vya Upgrade na Connection, kwa njia ya /xmpp-websocket na ya /colibri-ws. Ongeza pia proxy_read_timeout, ambayo bila kuguswa huwa sekunde 60. Cheti cha TLS hakikwepeki: bila HTTPS kivinjari hakifungui kamera wala maikrofoni.

Anabaki mshiriki aliye kwenye mtandao unaoruhusu TCP 443 peke yake. Huyo anahitaji seva ya TURN, kama coturn, na kwa kuwa 443 imeshachukuliwa na nginx, naona afadhali kuipa coturn anwani yake ya nje.

Ukijaribu, ita watu watatu, mmoja wao akitumia bando la simu, nje ya Wi-Fi ya ofisi.