Kinamasi cha Fidia: Jinsi ya Kutambua Kilicho Bora

Barabara kuu ikikata bonde la mto, kinamasi hujazwa kifusi na maji yake hutafuta pengine pa kwenda. Ndipo wajenzi huahidi fidia: eneo jingine litakalofufuliwa ili lipunguze mafuriko, lichuje uchafu na kuwapa makao ndege na vyura. Nairobi, ambako mito hupita kando ya nyumba za mabati za Kibera na Kawangware, kuchagua eneo hilo ni ufundi wenye vigezo vyake. Anayevijua hatapumbazwa na picha za miche iliyopandwa jana. Kanuni yake ni kupima maji kwanza, udongo pili, mimea tatu, na kutokata shauri kabla ya kusikia wanaoishi hapo.

Kabla ya fidia

Miongozo ya Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu, ambao Kenya ni mwanachama wake tangu 1990, inaweka mpangilio: epuka madhara, yakishindikana yapunguze, na fidia iwe ya mwisho. Kwa hiyo, ukioneshwa eneo la fidia, omba kwanza ramani ya njia nyingine zilizofikiriwa. Daraja refu zaidi au kalvati zilizowekwa kwa kina sahihi huenda zikaokoa kinamasi ambacho tayari kipo, na kinamasi cha asili hufanya kazi tangu leo. Cha kutengenezwa kitahitaji miaka, na kinaweza kufa.

Maji

Alama ya kwanza ya ubora ni kwamba eneo liko kwenye mto uleule wa kinamasi kilichojazwa, na liko upande wa juu wa watu wanaohitaji kinga. Mto Motoine hutoka upande wa Dagoretti, hupita Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi, kisha mto huendelea kwa jina la Ngong hadi maeneo ya viwanda. Kinamasi kikipotea juu ya Kibera, mvua ya Aprili itafika kwa kasi kwenye nyumba zilizo bondeni. Ukifidia kule Athi, umewapa nafuu wengine na kuwaachia wa Kibera mafuriko.

Alama ya pili huonekana wakati wa kiangazi. Mwezi wa Aprili kila shimo Nairobi hujaa maji, kwa hiyo nenda Februari au Agosti. Zamisha ardhini bomba lenye matundu na upime maji yapo kwa kina gani, tena kwa misimu kadhaa. Kipimo kimoja kinachotumiwa Marekani hutaka maji yawe juu ya ardhi, au ndani ya sentimita 30 za juu, kwa siku 14 mfululizo au zaidi katika msimu wa mimea kukua. Anayekuletea eneo bila vipimo vya namna hiyo amekuletea matumaini tu.

Uliza pia maji yanatoka wapi. Chemichemi ndiyo bora. Mtaro wa barabara huja na mafuta, tope na vumbi la matairi. Ukitumika, lazima maji yake yapite kwanza kwenye bwawa la kutuliza tope. Ili kuzoesha jicho, nenda Ondiri, Kikuyu, chanzo cha Mto Nairobi, ambao hushuka kupita upande wa Kawangware. Pale mimea imesukana juu ya maji hata ardhi hutikisika kama godoro. Ukishaiona Ondiri, utatambua haraka dimbwi la kupita.

Udongo

Chimba sentimita 30. Udongo uliokaa majini muda mrefu huwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu. Jihadhari na udongo mweusi wa mfinyanzi: hushika maji juu wakati wa mvua, kisha kiangazi hupasuka nyufa. Kando ya mto Kibera, mara nyingi jembe litagonga tabaka za takataka za miaka mingi. Eneo la hivyo halikataliwi moja kwa moja, lakini gharama ya kuziondoa na mahali pa kuzipeleka viandikwe kabla ya mkataba.

Mimea

Mafunjo, matete na ndago ni mashahidi wazuri. Katika mabonde ya Kawangware shahidi mwingine ni nduma, kwa kuwa hustawi pale unyevu unapodumu. Gugumaji hueleza mengine. Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, lilifunikwa na gugu hilo kwa sababu ya maji taka na takataka kutoka juu yake. Kwenye ramani linaonekana kama eneo la fidia lililo tayari. Kwa kweli, bila kuzuia uchafu wa juu, kila shilingi ya kulisafisha itazama kwenye tope lilelile. Mikalitusi nayo hunywa maji mengi. Ikizunguka chemichemi, mpango uonyeshe lini itang'olewa.

Kilichokuwa chetu tayari

Hapa ndipo wengi hudanganywa. Kanuni za ardhioevu na kingo za mito za 2009 zinalinda ukingo wa mto, kuanzia mita 6 hadi 30 kutoka kiwango cha juu cha mafuriko. Mjenzi akiahidi tu kutougusa ukingo huo na kuuita fidia, ametoa kitu ambacho sheria ilishatupatia. Fidia ya kweli ni nyongeza: maji yaliyorudishwa mahali yalipokuwa yameondolewa. Na kwa kuwa kinamasi kipya huchelewa kufanya kazi, kiwe kikubwa kuliko kilichojazwa.

Watu

Julai 2018 tingatinga zilibomoa nyumba na shule Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Eneo la fidia linalohitaji bomoabomoa ya pili ni eneo baya, hata likiwa na maji safi. Mama anayelima nduma bondeni atambuliwe kwenye mpango, alipwe au apewe kazi ya kulitunza, kwa kuwa ndiye anayejua maji hufika wapi. Kibera kuna mfano: shirika la Kounkuey Design Initiative limebuni pamoja na wakazi viwanja vya umma kando ya mto, na wakazi wenyewe huvitunza.

Ripoti ya tathmini ya mazingira ikiwekwa wazi na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kila mwananchi ana haki ya kutoa maoni. Tafuta humo mambo manne: vipimo vya maji vya kiangazi, hati ya ardhi, jina la mwenye jukumu la kutunza, na fedha za utunzaji zilizotengwa kwa miaka kadhaa baada ya lami kukauka. Likikosekana hata moja, andika pingamizi lako na uliwasilishe kabla ya tarehe ya mwisho.